Isale Halikupelekwa kwa Mtoto

Kanuni ya kwanza niliyofundishwa katika kazi ya utafiti ilihusu mahali pa kukaa. Ukimhoji mtoto, mkae pale ambapo wakubwa wa nyumba wanawaona lakini hawawasikii. Kwetu mlimani hilo si jambo dogo. Migomba imesimama, chini yake kahawa, chini ya kahawa magimbi, na nyuma ya jani lolote anaweza kuwepo mtu anakata majani ya ng'ombe. Nilizoea kuchagua uwanja wa mbele karibu na zizi, mimi nikiipa njia mgongo na mtoto akiitazama, ili yeye ndiye aniambie nani anakuja.

Kanuni ya pili ilisema mtu akikaribia, badili maswali. Ndani ya tableti zetu kulikuwa na ukurasa mzima wa maswali ya chakula uliowekwa kwa ajili hiyo tu. Siku moja baba wa nyumba alitufikia ghafla, panga mkononi, nami nikarukia ndizi.

"Na juzi mlikula ndizi gani?"

"Mshare!" alijibu baba mwenyewe, akasahau alikokuwa anakwenda. "Andika mshare. Andika kwamba hapa hatuli ndizi za kununua. Mtori wa mama yake huyu, ukiunywa asubuhi hutaki kitu mpaka jioni. Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

"Nisomee."

Nikamsomea maneno ambayo hayakuwepo. Mtoto alijiziba mdomo asicheke. Dakika mbili nyuma alikuwa amenieleza jinsi mtori huo huo, alipoumwaga, ulivyomponza kwa mkanda wa baba huyo huyo. Baba alituaga vizuri, akatuachia mkungu mdogo. Nilishuka nao mabegani hadi barabarani na sikujua niufanye nini.

Mimi si msomi. Nilikuwa kidato cha pili mama alipomfuata baba kaburini, mwaka mmoja baada yake, nami nikiwa mkubwa kati ya watoto wanne. Watu wazima wa ukoo walikaa siku tatu wakijadili kutugawa: wavulana wawili huku, mimi kule, mdogo wetu wa mwisho, binti wa miaka mitatu, kwa mama mdogo aliyeolewa Mkuu kule Rombo. Nilikataa. Nilisema tutabaki kihambani kwa baba, kwenye shamba la migomba la ukoo, na nitaacha shule. Sikuwahi kurudi darasani, na hatukugawanywa. Wadogo zangu wa kiume walisoma hadi walipofika, sasa mmoja yuko Arusha na mwingine Dar es Salaam. Binti nilimlea kwa mgongo wangu, kila nilipokwenda alinifuata akishika kanga yangu.

Nilipoanza kazi ya utafiti, binti huyo alikuwa na miaka kumi na mitano na hakuwa nyumbani tena. Alikuwa Mkuu kwa mama mdogo, muhula wa pili sasa. Ukimuuliza mtu yeyote kijijini atakuambia amefuata shule nzuri. Ukweli ni kwamba jioni moja alichelewa kurudi kutoka mazoezi ya kwaya, nami nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko wa ugali mkononi, na mkono wake wa kushoto ukavunjika kwenye kifundo. Hospitalini nilisema ameanguka mfongoni, kwenye mfereji wa maji unaopita juu ya nyumba yetu. Mawe ya pale yana utelezi, waliamini. Mkono ulipotolewa plasta aliomba kwenda Mkuu. Nikimpigia simu alisema, "Nzuri, dada," na "Sawa, dada," na "Ngoja nimpe mama mdogo."

Nilitaka arudi. Kila mwaka ifikapo Desemba watu wetu wote hupanda mlimani kutoka popote walipo, na mtu asiyekuja bila kuumwa wala kufiwa, watu wanajua kuna jambo. Nilijiambia lazima awepo Desemba. Hilo ndilo nililoamka nalo na kulala nalo mwaka ule mzima, na kwa sababu yake sikuweza kukaa. Nilikuwa nikianza kupalilia naacha, nakwenda kumwangalia ng'ombe, narudi, nafagia uwanja niliokwisha kuufagia.

Labda ndiyo maana kazi ya kutembea ilinifaa. Mtafiti mkuu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kanda ya Ziwa, daktari wa afya ya jamii, na sote tulimwita Dokta. Alikuwa anatafuta namna ya kuzuia ukatili kwa watoto majumbani: kwanza kujua hali ilivyo, kisha kuanzisha vikundi vya wazazi vya kujifunza kulea bila kipigo. Alihitaji mwenyeji anayejua njia za vihambani, na mwenyekiti wa kitongoji akanitoa mimi. Nilitembea na wahojaji miezi miwili kama mwongozaji. Mmoja wao alipokwenda likizo ya uzazi, Dokta alinipa tableti yake.

"Dokta, mimi nimeishia kidato cha pili."

"Unasoma?"

"Nasoma."

"Unanyamaza?"

Sikumwelewa.

"Mtu akikuambia jambo zito, unaweza kunyamaza mpaka amalize?"

Nikasema naweza.

Mafunzo yalifanyika Moshi mjini, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi, na siku nzima tulisikia bati zikiburutwa chini yetu. Tulifanyishwa mazoezi ya kuhojiana sisi kwa sisi. Aliyenihoji mimi alikuwa mama mnene mcheshi wa Mabogini. Akafika kwenye swali lenyewe: katika miezi kumi na miwili iliyopita, je, wewe au mtu mzima mwingine wa kaya hii amempiga mtoto kwa kitu kama fimbo, mkanda au mwiko?

"Hapana," nilisema.

Akabonyeza, akaendelea. Nataka nieleweke hapa. Sikuona kwamba nimedanganya. Nilijibu kama ninavyoweza kujibu kwamba mvua hainyeshi, kwa sababu imekwisha.

Tulifanya kazi juu mlimani na chini Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga. Baada ya wiki kadhaa Dokta alituita ghorofani. Alikuwa amekunja mikono ya shati na hakuwa na furaha.

"Kule juu watoto hawapigwi," alisema. "Ndivyo mlivyoniletea. Nyumba baada ya nyumba, hapana, hapana. Mabogini, ndiyo zimejaa. Na watu wengi wa Mabogini walishuka kutoka huko huko juu. Kwa hiyo mtu akishuka mlima ndipo anaanza kupiga watoto?"

Mhojaji mmoja wa Kibosho, kijana aliyejivunia uimbaji wake wa kwaya, akanyoosha mkono. "Dokta, sisi wa huko juu ni watu wa kanisa."

"Kanisa gani?" akauliza yule mama wa Mabogini. "La pombe ya mbege?"

"We mama, usinichokoze."

"Nikuchokoze mimi? Kaka yako mwenyewe alihamia kwetu na mkanda wake kiunoni. Alijifunzia wapi kuuvua, kwa vyura wa mpunga?"

Watu wakacheka mpaka kijana wa kwaya naye akacheka. Dokta hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshasimama mara tatu kwenda kunywa maji ambayo sikuyahitaji. Nilijua jibu. Vidole vyangu mwenyewe vilikuwa vimebonyeza hapana nyingi kati ya zile.

Nilikuwa nimefika nyumba moja ya Uru, si mbali na kwetu, ambako binti wa miaka kumi alikuwa na kovu jipya la moto juu ya kifundo cha mkono. Mama yake nilimuuliza swali, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari ya chumbani. "Hilo liliisha," aliniambia kwa Kichagga. "Isale lilishapita." Nikaitikia kwa kichwa na kubonyeza hapana. Binti naye, nilipomhoji karibu na zizi, alisema hapana. Nikamshukuru. Nikaenda nyumba ya pili.

"Yanakwisha, Dokta," nilisema sasa, nikiwa bado nimesimama na kikombe.

"Yapi yanakwisha?"

Nikamweleza. Isale ni yale majani marefu tuliyopanda kuzunguka mipaka ya vihamba. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unamtuma mtu wa heshima na jani la isale. Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama umemuua ng'ombe wake. Akilipokea, jambo limekufa, na atakayelitaja tena ndiye mkosaji. Walioshuka Mabogini wamewaacha wazee wao juu, hawana wa kumtuma wala wa kumpelekea, basi mambo yao yamebaki wazi. Ya huko juu yamefungwa. Ukimuuliza mtu kama lipo, atakuambia halipo.

"Na hamkuniambia," Dokta alisema.

"Uliuliza kama lipo, Dokta. Hukuuliza kama lilikuwepo likamalizwa."

Alikaa juu ya meza. Chini yetu waliangusha bati, wote tukashtuka. Nilidhani atatukasirikia, au atasema mila zetu ni mbaya kama wanavyosema wengine wakija na semina zao. Badala yake akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia, "Aliyekosewa akiwa mtoto, isale hupelekwa kwa nani?"

"Kwa mama yake," nikasema. "Au kwa mjomba wake. Kwa mkubwa wake."

"Mtoto mwenyewe?"

Kijana wa kwaya ndiye aliyejibu. "Mtoto hapelekewi isale, Dokta. Mtoto ni mtoto."

Sikulala vizuri wiki ile. Mimi mwenyewe, siku ya nne baada ya mkono kuvunjika, nilikata isale kwenye mpaka wetu, nikampa mzee wa jirani alipeleke kwa mjomba, kaka wa mama yetu, maana yeye ndiye anayesimama mahali pa mama. Mjomba alilipokea. Akaja nyumbani, tukanywa mbege kwa kata moja, akaniambia, "Binti yangu, umebeba mzigo mkubwa tangu utotoni, Mungu anajua. Limekwisha." Nililia kwa nafuu. Aliyetukaribisha mbege ile, akiishika kata kwa mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta, alikuwa mdogo wangu.

Dokta alibadilisha dodoso. Swali sasa lilisema: hata kama jambo hilo lilishasuluhishwa na ukoo. Akatutuma turudi kwenye nyumba zote za juu, na akatukumbusha kwamba mtoto aliye hatarini hatuishii kubonyeza jibu lake kwenye tableti. Jina lake linakwenda kwa ofisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Baadhi ya wahojaji walinung'unika kwamba tutafukuzwa. Hatukufukuzwa. Watu walishangaa tu, kama mtu aliyeulizwa habari ya deni la babu yake.

Nilirudi kwa binti wa kovu. Tulikaa upande wa zizi kama mwanzo. Nikamsomea swali jipya, neno kwa neno, nikanyamaza.

Alichora chini kwa kidole cha mguu. "Mama alisema liliisha," akasema.

Nikaendelea kunyamaza.

"Lakini nikichota maji ya moto ya kuogea bibi, naogopa. Mama hajui kama bado naogopa. Nikisema atasema namrudisha baba kwenye kosa." Akaniangalia. "Na wewe utasema?"

Nilimweleza nitamwambia nani na kwa nini, kama tulivyofundishwa. Alifikiri, akakubali. Jioni ile ile nilimpigia Dokta, na kesho yake ofisa ustawi alipanda na bodaboda. Ninachojua ni kwamba baba aliingia kwenye kikundi cha wazazi, mwanzoni kwa hasira, na kwamba binti aliondolewa kazi ya maji ya moto. Zaidi ya hapo si langu kusimulia.

Nami Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mkuu.

Mama mdogo alikuwa sokoni. Mdogo wangu nilimkuta nyuma ya nyumba anafua sare zake. Alikuwa amerefuka. Kola ya shati aliisugua kwa mkono wa kulia, na alipotaka kukamua, alilibana shati kwapani na kulisokota kwa mkono mmoja. Hakunisikia nikija, kwa hiyo nilimwona akifanya hivyo mara mbili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mkono?"

"Upo."

Nilichukua beseni la pili nikaanza kusuuza, maana kusimama tu nisingeweza.

"Nimekuja kwa ajili ya siku ile," nilisema. "Siku niliyokupiga."

"Si liliisha? Mjomba alisema liliisha."

"Mjomba aliletewa isale. Wewe hukuletewa."

Akaangalia mkoba wangu uliokuwa kwenye jiwe. "Umeniletea leo?"

Asubuhi nilikuwa nimekata jani, jani zuri lisilo na doa, kisha nikaliacha juu ya ukuta wa zizi. "Sikuleta. Ningeleta usingeweza kukataa."

Aliacha kufua. Povu lilimkauka vidoleni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu aondoke kuona anafikiri jambo mbele yangu bila kukimbilia kusema sawa, dada.

"Kwa hiyo naweza kukataa."

"Unaweza."

"Basi nakataa." Alilisema haraka, akanitazama kama mtu aliyeangusha sahani ya ugenini. Mimi niliendelea kusuuza soksi moja kwa muda mrefu kuliko soksi inavyohitaji. "Dada, umesikia? Nimekataa."

"Nimesikia."

"Hukasiriki?"

"Nimekasirika. Si wewe niliyekukasirikia."

Akarudi kwenye kola. Baada ya shati lile na sketi mbili alisema, bila kuniangalia, "Kaka wanajua nilianguka mfongoni. Mjomba anajua ukweli lakini naye anasema nilianguka. Hata mimi huku shuleni nasema nilianguka. Juzi nilimwambia rafiki yangu na jinsi jiwe lilivyokuwa. Hakuna jiwe, dada, lakini sasa naliona."

Niliikamua ile soksi.

"Desemba nitakuja ukiwaambia."

"Nitawaambia."

"Nikiwa nasikia."

"Ukiwa unasikia."

"Na nisipotaka kulala pale, narudi na mama mdogo siku hiyo hiyo."

Nilikubali hilo pia. Lilinichoma kuliko yote, lakini nilikubali.

Miezi iliyobaki nilifanya kazi vibaya. Nilisahau kuchaji tableti, nilipita nyumba niliyoandikiwa. Kwa mzee wa jirani aliyepeleka isale langu nilikwenda mara mbili nikitaka kumwambia ninachokusudia, na mara zote mbili niliishia kuomba mbegu. Nilijua ninavunja nini. Ukoo wetu ulitulea kwa ushauri hata kama haukutulea kwa chakula, na mjomba alikuwa mtu pekee aliyewahi kuniambia kwamba nilifanya vizuri kuacha shule. Nikilifungua jambo alilolifunga, ninamvua nguo mbele ya watoto wa dada yake.

Siku ya pili baada ya Krismasi tulikusanyika wote nyumbani. Wadogo zangu wa kiume walikuwa wamechinja mbuzi, mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba na kata ya mbege mkononi, akitania shati la yule wa Dar. Mdogo wangu alifika mchana na mama mdogo. Alisalimia wote kwa mpangilio, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mkoba wake mapajani bado umefungwa.

Nilisimama kabla nyama haijagawanywa, maana baada ya nyama nisingeweza.

"Nina neno," nilisema. "Kuhusu mkono wa mdogo wetu."

Mjomba alilijua kabla sijaendelea. "Binti yangu," akasema taratibu, "hilo lina isale. Unajua unachokifanya?"

"Najua, mjomba. Unisamehe."

"Si alianguka mfongoni?" akauliza yule wa Arusha, akitutazama mmoja mmoja.

"Hakuanguka. Nilimpiga mimi, kwa mwiko, kwa sababu alichelewa kutoka kwaya. Hospitali nilidanganya. Nanyi niliwadanganya kwenye simu. Nilimpiga, na mkono ukavunjika."

"Mara tatu," mdogo wangu akasema.

Nilimgeukia. Katika kumbukumbu yangu ilikuwa mara moja. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba pigo moja.

"Mara tatu, dada. La tatu nilikuwa nimeshakaa chini."

Nililitafuta kichwani, na likaja: sakafu ya jikoni, na yeye akiwa chini, na mkono wangu mimi ukipanda tena.

"Mara tatu," nilisema kwa sauti. "Anasema kweli."

Mjomba aliweka kata chini. Hakuondoka, wala hakuiinua tena. Yule wa Dar alikuwa amejishika kichwa. Yule wa Arusha ndiye aliyeuliza, "Kisha?" Hakuniuliza mimi. Alikuwa amegeuza kiti chake kuelekea mlangoni.

Mdogo wangu aliweka mkoba sakafuni. Alianzia mbali, njiani kutoka kanisani, na mvua iliyowakuta pale darajani, na mtoto mdogo wa kwaya aliyeogopa kuvuka, ambaye ilibidi ambebe mpaka kwao kwanza. Sikuwahi kumuuliza kwa nini alichelewa.